Ngoma ya Buto na Heshima ya Mwili Unaochoka

Juma hili tunawaalika kutafakari pamoja nasi jambo ambalo pengine wengi wenu hamjapata kulisikia. Ni ngoma ya Kijapani iitwayo buto. Tunasema ngoma kwa kukosa neno lililo karibu zaidi, maana ndani yake mara nyingi hamna mdundo, hamna kupokezana nyimbo wala vigelegele, na mchezaji aweza kutumia robo saa nzima kuinuka tu kutoka sakafuni. Hata hivyo tuliitazama, ikatugusa mno, na tangu siku ile imekuwa ikitusindikiza kila tuingiapo katika vyumba vya wazee na wagonjwa. Ndiyo maana tumeona si vema kulinyamazia jambo hili.

Kwanza tueleze asili yake. Buto ilizaliwa jijini Tokyo katika miaka ya mwisho ya 1950, na waasisi wake wanaotajwa daima ni wawili: Tatsumi Hijikata na Kazuo Ohno. Hijikata alizaliwa mwaka 1928 katika mkoa wa Akita, kaskazini mashariki mwa Japani, nchi ya mashamba ya mpunga na theluji nyingi. Tarehe 24 Mei 1959 alionesha huko Tokyo mchezo mfupi ulioitwa Kinjiki, jina alilolichukua kutoka riwaya ya mwandishi Yukio Mishima. Mchezo ule ulichezwa na watu wawili tu, yeye mwenyewe na kijana Yoshito Ohno, mwana wa Kazuo, tena sehemu yake kubwa ilikuwa gizani. Baadhi ya watazamaji walichukizwa sana, na Hijikata akajitenga na chama cha wacheza dansi alichokuwa mwanachama wake. Baadaye sanaa yake ikajulikana kama ankoku buto, yaani ngoma ya giza totoro.

Ili kuielewa hatua ile, yafaa tukumbuke hali ya Japani baada ya vita. Wacheza dansi wengi wa Tokyo walikuwa wakijifunza baleti na dansi za kisasa zilizotoka Ulaya, hasa Ujerumani. Mwili uliosifiwa ulikuwa mrefu, ulionyooka, wenye kuruka juu kana kwamba hauna uzito. Hijikata alijiuliza: na miili ya watu wa kwetu Akita iko wapi katika dansi hii? Aliikumbuka migongo iliyopinda kwa kupandikiza mpunga katika matope, na magoti yasiyonyooka tena. Alikumbuka jinsi watoto wachanga wa wakulima walivyowekwa ndani ya vikapu vya majani makavu pembezoni mwa shamba, wakafungwa humo kutwa nzima ili wazazi wafanye kazi, na jioni walipotolewa miguu yao ilikuwa imekufa ganzi, haiwezi kusimama. Kutoka katika kumbukumbu hizo alitengeneza ngoma ya magoti yaliyokunjwa, nyayo zilizogeuzwa, mgongo ulioinama na uso usioficha maumivu. Mwaka 1972 alionesha mfululizo wa michezo ulioitwa Usiku 27 kwa ajili ya Majira Manne, na humo watu waliiona wazi ile nchi ya baridi aliyotoka.

Wengi huandika kwamba buto ilitokana na mabomu yaliyopigwa Hiroshima na Nagasaki mwezi Agosti 1945. Ni kweli kwamba vita iligusa kila Mjapani wa kizazi kile, na kivuli chake kimo. Lakini Hijikata mwenyewe, alipoeleza ngoma yake, alirudi mara kwa mara kwenye matope ya kijijini, kwenye upepo na njaa, na kwa ndugu zake waliokwisha kufa ambao alisema angali amewabeba mwilini mwake. Buto, kwa hiyo, haikuanza kama hotuba juu ya vita. Ilianza kama swali juu ya mwili: je, mwili uliopinda, uliochoka, usiopendeza, una lolote la kusema?

Namna ya kuwafundisha wachezaji nayo inafaa kutajwa. Katika dansi nyingi mwalimu huonesha hatua, na mwanafunzi huiga. Hijikata alitumia maneno na picha za mawazoni. Mwanafunzi aliambiwa ajihisi mdudu anatambaa juu ya mkono wake, kisha mwingine shingoni, kisha wengine wengi kila mahali, mpaka mwili wenyewe uanze kujikunja bila kuamriwa. Katika kutembea, aliambiwa awaze kwamba chini ya nyayo zake mna makali ya wembe, na kwamba kichwani amebeba chombo kilichojaa maji. Akina mama wetu wanaotoka kisimani wataelewa zoezi hilo kuliko wasomi wengi. Mtu aliyebeba maji kichwani hatembei ovyo; mwili wake wote unasikiliza. Ndivyo atembeavyo mchezaji wa buto, kwa kusikiliza.

Na kwa kawaida wachezaji hujipaka unga mweupe mwili mzima, na wengine hunyoa vichwa. Mtu anayewaona kwa mara ya kwanza aweza kuogopa akidhani anaona mizimu. Lakini ule weupe una kazi yake. Unaondoa sura ya mtu mmoja mahususi, hata asijulikane kwa urahisi kama ni kijana au mzee, mwanamume au mwanamke, mzima au marehemu. Unabaki mwili tu wa binadamu. Ushio Amagatsu, aliyeanzisha kundi la Sankai Juku mwaka 1975 na kufariki mwaka 2024, alipenda kueleza kwamba dansi ni mazungumzo kati ya mwili na ile nguvu inayotuvuta ardhini. Mtoto anapojifunza kusimama yumo katika mazungumzo hayo, na mzee anayeshika ukuta ili asianguke yumo pia.

Sasa tumtazame mwasisi wa pili, ambaye maisha yake yalitugusa zaidi. Kazuo Ohno alizaliwa tarehe 27 Oktoba 1906 huko Hakodate, katika kisiwa cha Hokkaido. Alisomea ualimu wa michezo, akafundisha katika shule za Kikristo za Yokohama, na akiwa mwalimu kijana alibatizwa katika Kanisa la Kibaptisti. Imani hiyo hakuiacha hadi mwisho wa maisha yake. Mwaka 1929 alikuwa amekwenda kuketi katika viti vya juu kabisa vya ukumbi mmoja wa Tokyo, akamwona mcheza dansi wa Hispania, Antonia Mercé, aliyejulikana kwa jina la La Argentina. Yule mama alicheza kwa namna iliyomkaa Ohno moyoni kama mbegu. Miaka michache baadaye akaanza kujifunza dansi.

Lakini mwaka 1938 aliitwa jeshini. Alikaa huko takriban miaka tisa, China na kisha katika kisiwa cha New Guinea, ambako mwishoni alishikwa mateka wa vita. Aliona njaa na vifo vya wenzake wengi. Katika meli iliyowarudisha nyumbani wengine walikufa njiani, na miili yao ikazikwa baharini. Ohno alitazama maji yale yaliyowapokea, akawaona yavuyavu wakielea, wale viumbe laini wa baharini wasio na mifupa. Moja ya ngoma zake za mwanzo baada ya vita ilikuwa ngoma ya yavuyavu, kwa kuwakumbuka walioachwa majini. Onesho lake la kwanza la peke yake alilifanya Tokyo mwaka 1949, akiwa na umri wa miaka 43, umri ambao wacheza dansi wengi wanastaafu.

Linalofuata ndilo la kushangaza zaidi. Baada ya kukaa karibu miaka kumi bila kupanda jukwaani, mwaka 1976 Ohno aliingia katika maonesho ya picha za mchoraji Natsuyuki Nakanishi. Mbele ya mchoro mmoja, ambao haukuwa na sura ya mtu yeyote, alimkumbuka ghafla La Argentina. Mama yule alikuwa amekwisha kufariki tangu 1936. Ilikuwa imepita miaka 47 tangu Ohno alipomwona mara ile moja. Mwaka uliofuata, 1977, akiwa na miaka 71, alicheza mchezo ulioitwa Kumsifu La Argentina, ukiongozwa na Hijikata. Mchezo ulianza yeye akiwa ameketi miongoni mwa watazamaji. Aliinuka kama mhusika wa riwaya ya Jean Genet, kahaba mzee anayekaribia kifo, akaenda taratibu jukwaani, akafa pale. Kisha akazaliwa upya kama binti mdogo. Mwaka 1980 aliucheza mchezo huo katika tamasha la Nancy, Ufaransa, akiwa mzee wa miaka 73, na watu wa Ulaya ambao hawakuwa wamemsikia kabla wakamfahamu. Mwaka 1981 akatoa mchezo mwingine kwa kumkumbuka mama yake mzazi.

Tunajua baadhi yenu mtauliza: mzee avae gauni la kike, na uso wa unga, tena acheze mauti ya kahaba, hilo linatufaa nini? Swali ni halali, na hatusemi kwamba kila kilichotendwa kwa jina la buto kinafaa kila mtazamaji. Ipo michezo iliyokusudiwa kushtua, nasi hatulazimiki kuipenda yote. Lakini Ohno hakumfanyia mtu mzaha. Alikuwa akimpa nafasi mwilini mwake mtu ambaye hangeweza tena kuja mwenyewe: La Argentina aliyekufa, mama yake aliyekufa, wenzake waliotoswa baharini, na huyo kahaba ambaye hakuna aliyemlilia. Alipovaa gauni lile, mikono yake ilikuwa bado ya mzee, yenye mishipa na mikunjo, wala hakuificha.

Kisha uzee ukamfikia kwa nguvu zaidi. Alipopita miaka 90 miguu ilianza kumkatalia, na baadaye hakuweza kusimama bila kusaidiwa. Wengine wangesema kazi imekwisha. Yeye aliendelea kucheza akiwa ameketi, kwa mikono, huku Yoshito akiwa karibu naye. Mikono ilipochoka, vilibaki vidole. Kazuo Ohno aliaga dunia tarehe 1 Juni 2010, akiwa na umri wa miaka 103. Mwanawe Yoshito, yule kijana wa mwaka 1959, alimfuata mwaka 2020. Hijikata alikuwa ametangulia zamani, mwaka 1986.

Haya yote tuliyajua kwa kusoma kabla hatujaiona buto kwa macho. Kuona ni jambo jingine. Tulikuwa Yokohama kwa siku chache, watu watatu, mmoja wetu akiwa sista muuguzi, na wenyeji wetu wakatupeleka jioni moja katika ukumbi mdogo wa mbao. Tulivua viatu mlangoni. Viti havikuzidi arobaini. Hakukuwa na pazia wala muziki. Kwa mbali zilisikika treni zikipita. Mchezaji alikuwa mama mwenye umri mkubwa, amepakwa unga mweupe, amevaa kanzu iliyochakaa. Alikuwa amelala sakafuni amejikunja kama mtoto tumboni.

Kwa muda mrefu hatukuona chochote kikitokea. Halafu tukagundua kwamba kidole kimoja cha mguu kilikuwa kinasogea. Kisha kifundo, kisha goti. Kila kiungo kilionekana kukumbuka peke yake kwamba kina kazi. Alipojaribu kuinuka, kiwiko kiliteleza akarudi chini, akaanza upya, bila haraka na bila kutuomba tumwonee uchungu. Tuliposikia pumzi yake, tukajikuta nasi tumezibana zetu. Hatimaye alisimama, magoti yakiwa yamekunjika, akaanza kuvuka ule ukumbi kuelekea dirishani. Zilikuwa hatua chache mno, lakini alizitembea kwa karibu dakika ishirini. Alipofika aliinua mkono mmoja kuelekea kioo, akaufungua kama anayepokea kitu, akabaki hivyo. Taa ikazimwa polepole. Zilipowashwa tena, tuliona sakafuni nyayo nyeupe zilizofuatana, na pale mwanzo alama ya mwili mzima, mahali alipokuwa amelala.

Hakuna aliyepiga makofi mara moja. Tulitoka nje tukatembea kimya hadi kituo cha treni. Hapo ndipo sista alipozungumza. Alisema: "Kwa miaka yangu yote wodini nimewaona wagonjwa wakijigeuza kitandani hivyo hivyo, wakitafuta ukingo wa kitanda, wakianguka na kuanza tena. Lakini leo ndiyo mara ya kwanza nimeona watu arobaini wanamtazama mtu akifanya hivyo, na hakuna aliyemhurumia."

Tulilitafakari sana neno hilo, na kwetu ndilo kiini cha yote. Huruma ni fadhila kubwa, nasi hatuwezi kuibeza. Lakini kuna huruma ya haraka, inayoona udhaifu wa mtu na kukimbilia kuufunika, kwa shuka, kwa maneno ya faraja, au kwa kugeuza macho. Huruma hiyo humwambia mgonjwa bila kutamka kwamba hali yake haitazamiki. Ule ukumbi wa Yokohama ulidai kitu kingine. Ulidai tuketi, tutazame, tena kwa muda mrefu kuliko tulivyozoea, mpaka kile tulichokiona mwanzoni kama kushindwa tukione kama kazi. Mtu anayeinuka sakafuni kwa robo saa anafanya kazi kubwa kuliko mtu anayeruka. Kinachotuzuia kuiona kazi hiyo ni kwamba hatukai vya kutosha.

Tungependa kuwashirikisha tukio moja lililotokea baadaye, katika kigango kimoja cha parokia yetu, ili msidhani kwamba tunaleta habari za mbali zisizo na mizizi. Palikuwa na mama mmoja mzee aliyepooza upande wa kulia kwa kiharusi. Hakusema tena. Mkono wa kushoto ulikuwa ukichezacheza mchana kutwa, na watu wa nyumbani waliamini ni mtetemo wa ugonjwa. Nyumba ile ilikuwa katika maandalizi ya kumuaga mjukuu aliyekuwa akiolewa, na mama yule alikuwa amehamishiwa chumba cha nyuma. Mwanawe mkubwa alitueleza bila kuficha: "Baba, wakwe wanakuja. Wakimkuta Mama katika hali hii, watatuonaje?" Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akimlinda mama yake dhidi ya macho ya watu, na pengine akijilinda mwenyewe.

Tulimpa mama yule huduma ya wagonjwa, kisha tukaomba jambo ambalo si la kawaida: turuhusiwe kukaa naye kidogo bila kuzungumza. Binti yake alikaa nasi. Dakika za kwanza zilikuwa nzito, kama zilivyokuwa Yokohama. Macho yetu yalikuwa kwenye ule mkono. Kidole gumba kilisukuma mbele juu ya kidole cha shahada, mara tatu, mara nne. Kisha kiganja kikageuka kidogo. Kisha kidole gumba kikarudia kusukuma. Ukatulia. Ukaanza tena kwa mpangilio ule ule. Baada ya muda binti akashika kinywa, akasema kwa sauti ndogo: "Baba, Mama anapukuchua mahindi."

Ilikuwa hivyo. Mama yule alikuwa amelea watoto wake kwa shamba la mahindi, na kila jioni kwa miaka mingi alikaa mlangoni na ungo wake. Akili yake ilikuwa wapi, hatuwezi kusema. Lakini mkono ulikuwa kazini. Binti alikwenda jikoni akaleta gunzi lililobaki na punje chache, akaliweka katika kiganja kile. Vidole vilisimama kwanza, kisha vikalishika kwa nguvu, na punje moja ikaanguka juu ya shuka. Mwana mkubwa, ambaye alikuwa amesimama mlangoni, aliingia akaketi chini.

Haukutendeka muujiza mwingine. Hakuongea wala hakusimama. Lakini siku ya sherehe aliwekwa kitini chini ya turubai, karibu na bibi harusi, mkono wake ukiwa juu ya kanga, ukifanya kazi yake mbele ya wote. Wakwe walipofika walimwamkia yeye kwanza kuliko watu wengine wote, kama adabu idaivyo. Aliaga dunia kabla ya mavuno ya mwaka ule.

Wapendwa, tunapoweka maisha ya Ohno karibu na mkono wa mama yule, tunaona kwamba mwili hutunza mambo ambayo ulimi umekwisha kuyasahau. Ohno alimtunza mcheza dansi aliyemwona mara moja tu, akamtunza kwa karibu nusu karne, akamtoa akiwa mzee. Mama yule alitunza jioni zake za ungo na mahindi. Sisi tunaokiri kila Dominika kwamba miili itafufuka tusione ajabu sana. Ikiwa mwili una thamani kiasi cha kutofutwa na mauti, basi una thamani hiyo pia katika miaka yake ya mwisho, unapotetemeka, unapomwaga uji, unapohitaji kugeuzwa. Ohno, aliyekuwa Mkristo, alifika katika Nchi Takatifu akaiona Bahari ya Chumvi, na mwaka 1985 akatoa mchezo kwa jina la bahari hiyo. Aliendelea kutafuta uhai mahali ambapo wengine wanaona mauti tu, na alitafuta kwa chombo alichokuwa nacho, mwili wake mwenyewe uliokuwa unachakaa.

Katika nyakati zetu mwili unaosifiwa ndio ule wa matangazo: kijana, wenye nguvu, wenye ngozi nyororo. Wazee wengi wanajua kwamba hawamo katika picha hiyo, na ndiyo maana wengine huomba radhi kwa kukohoa, kwa kuchelewa kunyanyuka, kwa kuwa hai. Si rahisi kuwaambia kwa maneno kwamba hawana haja ya kuomba radhi. Maneno hayo yamekwisha kusemwa mara nyingi, nao wanaona tukisema huku tunatazama saa. Kinachoweza kuwaambia hivyo ni muda wetu na macho yetu.

Tunawaomba basi jambo moja tu kwa juma hili. Ninyi mnaomtunza mgonjwa au mzee nyumbani, na ninyi wa jumuiya ndogo ndogo mnaokwenda kuwatembelea, mkisha kusali, mkisha kutoa habari na salamu, msiondoke mara. Ketini robo saa bila kusema. Mtazameni anavyoinua kikombe, anavyotafuta pindo la shuka, anavyogeuza shingo mlango unapolia. Msimsaidie haraka katika lile analoweza bado kulifanya, hata kama linachukua muda mrefu. Huenda msione chochote. Huenda mkaona mkono unaopukuchua mahindi. Kwa vyovyote vile, atakuwa ametazamwa na mtu ambaye hakugeuza macho, na kwa wengi wao hilo limekuwa jambo la nadra.

Tunawatakia juma jema lenye amani, na kwa namna ya pekee tunawakumbuka katika sala wagonjwa wote wa parokia pamoja na wale wanaowageuza usiku. Tumsifu Yesu Kristo.